Pesto Isiyo na Mrihani

Torino, 6 Machi 1911

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Mimi huku sijambo, na huyu wa tumboni hajambo zaidi yangu, maana anapiga mateke kutwa nzima. Hofu ni kwako tu, uliye peke yako huko mlimani. Magoti yanaendeleaje? Na yule mbuzi mwenye pembe moja keshazaa?

Mume wangu Gerolamo bado yuko Uswisi kwenye handaki, harudi mpaka Juni. Ameandika kwamba mawe ni magumu na supu ni maji matupu. Mimi naendelea kupika kwenye mgahawa wa yule mjane. Juzi walikuja wanaume wanane wa reli, wote wa kwetu, wakapiga meza wakitaka tambi za pesto. Pesto mwezi wa Machi, Mama! Mrihani niutoe wapi hapa Torino, na barafu bado iko barabarani? Nikaona haya kuwarudisha. Nikachukua spinachi, nikatia pasli na majani machache ya nanaa, nikatwanga na kitunguu saumu na chumvi kama ulivyonifundisha, kisha jibini na mafuta. Mbegu za msonobari hazikuwepo, nikatia lozi. Walikula wakapangusa sahani kwa mkate. Mmoja akaniambia imemkumbusha mama yake, nikamwambia basi mama yako alikuwa akimdanganya baba yako.

Tangu hapo nimeshika wazimu. Nimejaribu majani ya karoti, lakini ni machungu, lazima uyachovye kwanza kwenye maji ya moto. Ya figili yanawasha kidogo na yanapendeza. Najua unavyonuna ukisoma haya.

Jambo moja nataka kukuuliza. Barua yako iliyopita imeandikwa na jirani yako, Shangazi Marinetta. Ile ya kabla yake pia. Kwa nini?

Ni mimi mwanao,
Nicolina


Rovaggia, 13 Machi 1911

Nicolina mwanangu,

Salamu zako zimefika. Mimi ni mzima, magoti ni yaleyale, mbuzi kazaa madume mawili, hasara tupu. Nawe je? Usinyanyue masufuria ya yule mjane. Tumbo la miezi minane si la kushindana na mitungi.

Marinetta ndiye anayeandika kwa sababu mkono unaniuma kwenye kiungo. Ni baridi tu. Usianze maneno.

Sasa nikujibu hilo la spinachi. Mimi nimetwanga pesto tangu nilipofikia urefu wa kinu. Bibi yako alikuwa akinusa bakuli mlangoni na kusema mrihani huu umechumwa asubuhi au jioni. Leo mjukuu wake anatwanga nanaa na lozi, kisha anajisifu! Hiyo ni dawa ya tumbo, uwape wagonjwa.

(Mimi Marinetta, mwandishi, naongeza langu. Kwetu pwani, mrihani ukiisha tunatia chochote kilicho kibichi, na hakuna aliyenuna. Watu wa mlimani wana maringo. Mama yako ananiuliza mbona kalamu inaendelea kukwaruza na yeye amenyamaza. Nimemwambia natia nukta.)

Hata hivyo nina habari mbaya. Miche yangu ya mrihani, ile niliyoiotesha kwenye vyungu dirishani, imekufa yote. Juzi niliacha dirisha wazi, nikadhani nimelifunga, na theluji ikaingia. Sitakuwa na jani mpaka Julai. Itakuwa Pasaka ya kwanza tangu niolewe bila tambi za pesto mezani. Nimelia kidogo, Marinetta ni shahidi. Mtu hulia kwa mambo ya kijinga akizeeka.

Na usinirudie tena hilo la kuja kuishi Torino. Nitafanya nini huko ghorofani, nihesabu mabomba ya moshi? Nyumba hii naijua kila jiwe.

Mama yako,
Colomba


Torino, 18 Machi 1911

Mama mpendwa,

Shikamoo nyingi, na Shangazi Marinetta umpe zake na umwambie nukta zake nimezipenda. Mimi ni mzima isipokuwa miguu imevimba. Mkunga ameniambia niache kazi mwisho wa mwezi na nisishuke ngazi kabla ya kujifungua, maana mtoto amekaa chini sana. Mjane ni mtu mwema, chumba changu hakuninyang'anya. Hofu ni kwako.

Usilie kwa ajili ya mrihani. Umesahau saumu mwitu, kile kitunguu saumu cha porini kinacholiwa majani? Kule msituni, kwenye kijito nyuma ya kinu cha zamani cha maji, mwezi wa nne ardhi yote huwa kijani. Mwaka ule wa njaa Bibi aliitwangia pesto, nawe ndiye uliyenihadithia. Huna hata haja ya kutia kitunguu saumu kingine, jani lenyewe linatosha. Jibini iwe nyingi kidogo, mafuta yafunike juu, inakaa wiki mbili bila kuharibika. Tafuta majani machanga kabla ya maua. Kunusa utanusa mwenyewe, mimi nikufundishe nini? Wewe ndiye uliyenipeleka huko nikiwa na miaka sita.

Mama, soksi ulizonifumia mtoto zimefika. Ni laini, zinapendeza. Lakini moja ni nyeusi na nyingine ni ya buluu. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Zamani ulikuwa ukiona uzi uliokosewa kwenye shela la mtu kanisani, safu tatu mbele yako. Nijibu kweli. Macho yako yakoje?

Mwanao,
Nicolina


Rovaggia, 10 Aprili 1911

Nicolina mwanangu,

Natumaini bado hujajifungua, au kama umejifungua, umejifungua salama. Sisi wazima. Barua hii imechelewa kwa sababu ya mvua, na kwa sababu nilitaka kwanza niwe na habari ya kukupa.

Soksi nilizifuma hivyo makusudi, uzi ulikuwa umebaki nusu nusu. Macho yangu yanaona ninachotaka kuona.

Sasa habari. Pesto ya Pasaka ipo! Ile ya saumu mwitu, kama ulivyosema. Nimejishusha, lakini usimwambie mtu. Jumamosi tulikwenda mimi na Marinetta. Huko kwenye kijito nyuma ya kinu hatukufika, njia imebomoka na magoti yangu hayataki mawe yanayoteleza. Lakini Mungu si mchoyo. Pale kwenye chemchemi ya kanisa dogo la Mtakatifu Roko tulipata fungu moja zuri, linanukia mpaka mate yanatoka. Kisha chini yake, kwenye malisho ya wazi, Marinetta akakanyaga mengine, tele, manene, mabichi, yanang'aa, hata nusu saa hatukukaa na kikapu kikajaa. Nilikuwa navunja jani nasugua kwa vidole nanusa, navunja nasugua nanusa. Yote saumu tupu. Sijawahi kuona mwaka yamenenepa hivyo.

Jana nimeyatwanga. Yalitoa maji mengi kuliko nilivyozoea, nikatia jibini zaidi. Sijaonja. Wewe unajua Kwaresima mimi siweki jibini mdomoni, sitaanza leo kwa tamaa. Bakuli limefunikwa kwa mafuta, liko kabatini. Jumapili ya Pasaka Marinetta atakuja kula, na kinu nimemwekea, sijakiosha. Mgeni wa Pasaka ndiye anayepangusa kinu kwa mkate, na mwaka huu mgeni ni yeye.

(Mimi Marinetta. Mama yako ametoka kumpa mbuzi maji, nina dakika mbili. Nicolina, mkono wake hauna ugonjwa wowote. Ni macho. Kwa mbali anaona mwanga na giza, kwa karibu anaona ukungu. Sasa ni mwaka wa pili. Ameniapisha nisiseme, ila hakuniapisha nisiandike. Kule malishoni nilimshika mkono, mimi nikabeba kikapu, yeye akichuma kwa kupapasa. Mimi mtu wa samaki, majani kwangu yote ni majani. Alikuwa na furaha sijawahi kumwona nayo tangu uondoke. Usimgombeze. Ukijifungua njoo umchukue, hata kwa nguvu. Anarudi.)

Pasaka njema, mwanangu.
Mama yako,
Colomba


Torino, Ijumaa Kuu, 14 Aprili 1911

Mama,

Hofu ni kwako. Neno hili nimeliandika katika kila barua tangu nilipoolewa, kama kila mtu anavyoliandika. Leo ni mara ya kwanza ninalimaanisha.

Shangazi Marinetta, wewe unayesoma, simama. Nenda kabatini. Chukua bakuli na kinu, umwage kila kitu kwenye shimo mbali na mbuzi na kuku, kioshe kinu kwa maji ya moto mara tatu, uoshe na mikono yenu. Kisha urudi usome.

Mama, saumu mwitu haioti malishoni. Inaota msituni, kwenye kivuli na unyevu. Kinachoota kwenye malisho yale ya Mtakatifu Roko ni muuambuzi, na ni sumu. Ni lile ua la zambarau linalotoka vuli bila jani hata moja, na majani yake yanakuja peke yake masika, manene, yanang'aa. Wewe ndiye uliyenionyesha. Jani la saumu lina kikonyo chake lenyewe, ulisema, kila jani linasimama kivyake. La muuambuzi halina kikonyo, yanatoka ardhini yamekumbatiana. Ulinichapa mkono siku niliyolichuma. Na huna haja ya kuniambia kwamba yalinukia. Ulianza na fungu la chemchemi. Vidole vikishasugua saumu ya kweli, hata ukishika nyasi itanukia saumu.

Barua yako imefika leo saa nne asubuhi. Mjane ameisoma pamoja nami kwa sababu nilishindwa kuimaliza, kisha amekimbia mwenyewe kupiga telegramu. Karani amemwambia itafika bondeni leo hii, lakini kutoka hapo ni miguu ya tarishi, atapanda Rovaggia kesho Jumamosi. Kesho ni kabla ya Pasaka. Nimelirudia hilo mara ishirini. Umesema hujaonja. Umesema hutaonja. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa ajili ya Kwaresima, leo nimemshukuru.

Ningekuja mwenyewe. Nimejaribu kushuka ngazi, nikafika ya nne, maumivu yakanikamata, wakanirudisha kitandani. Gerolamo yuko ndani ya mlima. Mimi ndiye niliyekuambia uchume majani hayo, kwa sababu nilitaka kukuonyesha kwamba nimejua kitu usichokijua.

Kuhusu mengine hatutagombana sasa. Nijibuni neno moja tu, tumemwaga. Neno moja.

Nicolina, mwanao


Torino, 24 Aprili 1911

Mama yangu,

Sijui nianze na salamu gani. Natumaini u mzima. Natumaini.

Siku kumi na sijapata neno. Kila tarishi akipanda ngazi natega sikio, na kila mara anaupita mlango wangu. Najiambia ni mvua, njia imebomoka. Najiambia Shangazi Marinetta amekasirika kwa sababu nimemwamrisha kama mtumwa. Najiambia yote.

Nimejifungua tarehe kumi na tisa, mtoto wa kike. Ni mzima, ana nywele nyingi nyeusi. Padri ananiuliza kila siku jina la ubatizo na kila siku namwambia kesho. Nataka kumwita jina lako, Mama, ila kwetu jina la bibi aliye hai hutolewa kwa idhini yake. Basi nangoja idhini. Nikimbatiza Colomba bila kukusikia, nitakuwa nimekubali kitu ambacho sitaki kukikubali.

Baada ya wiki mbili, nikipata nguvu, nitapanda treni. Lakini andika kwanza. Mwambie Shangazi aandike hata nukta.

Nicolina


Rovaggia, 29 Aprili 1911

Nicolina mwanangu,

Salamu. Mimi ni mzima. Ndivyo barua inavyoanza, na mimi ni mzima kweli, na ndiyo aibu yangu.

Mwandiko huu ni wangu. Nimeweka ubao wa kukatia tambi juu ya karatasi, naushusha kidogo kila nikimaliza mstari. Kama mistari imepandana, nisamehe. Sioni ninachokiandika. Haya, nimekwambia.

Marinetta amekufa. Alikufa Jumatano baada ya Pasaka, mchana.

Telegramu yako ilifika Jumamosi. Tarishi alinipa mkononi, akauliza, Mama Colomba, nikusomee? Wote wanajua, kumbe. Nikasema nina macho yangu, asante, nikafunga mlango. Nikakaa nayo. Telegramu mbili zimewahi kuingia nyumba hii, moja ya baba yako na moja ya kaka yako, unajua zilileta nini. Nikasema hii ni Nicolina amekufa kwa uzazi. Nikaitia mfukoni mwa aproni. Nikasema Marinetta atanisomea. Kisha nikasema si leo. Leo bado nina mtoto.

Jumapili alikuja ameacha miwani kwake. Nikafurahi. Nikasema basi tule kwanza. Nilimpakulia. Mimi nilitia uma mara tatu au nne, maana kila nikiinama naisikia karatasi ile inakwaruza mfukoni. Marinetta akaniambia, Colomba, kama huli, leta. Akala yake na yangu. Akasema ina uchungu kidogo, lakini si mbaya kwa pesto ya kupapasa. Akapangusa kinu mpaka kikakauka.

Ndipo nikashindwa kuvumilia, nikamwambia akachukue miwani. Alisoma kimya. Nilisikia karatasi inatulia mkononi mwake. Nikamuuliza, "Amekufa?"

"Hajafa. Nicolina mzima," akasema.

Nilicheka, Nicolina. Nililia na kucheka, nikaushika mkono wake nikaubusu. Akaniacha mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza polepole, "Colomba, wewe umekula kiasi gani?"

Akanisomea. Akanitia vidole kooni kabla ya kujitia yeye. Mpaka jioni hatukuwa na kitu, tukaanza kuambizana labda si yenyewe. Ilipoanza haikuacha. Mimi niliumwa siku mbili nikapona. Yeye kwanza matumbo, kisha miguu ikafa ganzi, kisha pumzi. Akili haikumtoka hata kidogo, na hilo ndilo baya kuliko yote.

Daktari alipanda Jumanne. Akauliza nani alichuma majani. Nilifungua mdomo. Marinetta akanitangulia, akasema, ni mimi, huyu haoni, nilimletea mimi. Daktari akaandika. Sasa kijiji kizima kinasema watu wa pwani hawajui majani, maskini, alitaka kumfurahisha mwenzake. Wananiletea supu. Wananipa pole. Na mimi nimenyamaza. Kaburini nilisimama, na ndugu zake waliotoka kwao pwani, Camogli, wakaniomba msamaha kwa niaba yake. Nikawasamehe. Umesikia nilichofanya?

Usijilaumu kwa barua yako ya saumu. Uliniambia kijito nyuma ya kinu, hukuniambia malishoni. Ningekuwa nimesema sioni, mtu mwingine angekwenda. Ningemwambia tarishi soma, angesoma. Nimeipigia hesabu kila njia, na kila njia ina mlango niliofunga mimi.

Sipiki. Naogopa mikono yangu. Naogopa chumvi, naogopa maji. Jana nilishika jani la kabichi kwenye supu ya watu nikaliweka nje ya bakuli.

Barua zako mbili zimefika. Moja ilikuja siku anakufa, nyingine ni ya juzi. Ya kwanza ni nene, ya pili nyembamba. Padri alitaka kunisomea, nikamkatalia. Ndani yake huenda kuna ukweli kuhusu nani alichuma, na Marinetta ameuziba kwa pumzi yake ya mwisho. Sitampa mtu autoboe. Tena sijui kama umejifungua, sijui kama mtoto yuko hai, sijui kama wewe unaniita mama bado au unaniita nini. Nazishika kila asubuhi, nazipapasa. Karatasi hainiambii kitu.

Usiniandikie nyingine. Hakuna tena wa kunisomea. Njoo mwenyewe, unisomee hizi.

Mama yako